Maswali ya Wasomaji: Ufunguo wa Kompyuta za Ofisi Uko kwa Nani?

Barua zilizotufikia tangu toleo lililopita zimelizunguka jambo moja kuliko tulivyotarajia, nalo ni usimamizi wa kompyuta za kampuni kupitia wingu: utaratibu unaomwezesha msimamizi mmoja, akiwa Mombasa au kwingineko penye intaneti, kusajili, kupanga, kusasisha na hata kufuta kompyuta zote za kampuni bila kuzigusa kwa mkono. Karibu wote walioandika wanatumia, au wanafikiria kutumia, huduma ya Microsoft Intune, na kwa sababu hiyo majibu yameegemea upande huo. Majina ya waandishi na ya kampuni zao tumeyahifadhi.

Tununue seva mpya au tuhamie kwenye wingu?

*Salamu alaykum. Ninasimamia kompyuta katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Shimanzi. Tuna kompyuta zipatazo 40. Nyingi ziko hapa, chache ziko Miritini, na sita ziko mpakani Malaba. Sera zote hutoka kwenye seva iliyo katika chumba kimoja cha ofisi yetu. Seva hiyo imezeeka, na kiyoyozi kikizimika kwa saa mbili tu katika joto la Februari, hujizima yenyewe. Mkurugenzi anauliza kama tununue seva nyingine au tuhamie kwenye wingu, na anahofia kwamba intaneti ikikatika kazi zote zitasimama. – Msimamizi, Shimanzi*

Wa alaykumu salaam. Utaratibu mnaoutumia, ambao bila shaka ni ule wa Group Policy, unaosambaza sera, yaani mipangilio ya lazima, kutoka kwenye seva ya ofisi hadi kwenye kompyuta, ulikuja na Windows 2000, wakati ambapo kompyuta ya ofisi ilikuwa kitu kizito kisichoondoka mezani, na ulijengwa kwa kuamini kwamba kompyuta na seva zitaishi ndani ya mtandao mmoja. Kwa zile zilizoko Shimanzi imani hiyo ingali na msingi. Kwa zile sita za Malaba sivyo, na ukizikagua leo usishangae kukuta baadhi yake hazijapokea amri mpya kwa miezi mingi, kwa sababu karani aliyeko mpakani hufungua barua pepe na mfumo wa forodha moja kwa moja kwenye intaneti, na hapati sababu ya kujiunganisha na ofisi kuu. Kompyuta hizo ni zenu kwa risiti tu.

Intune, iliyoanza mwaka 2011 kwa jina la Windows Intune, imebadilisha mlango ambao kompyuta hubisha hodi. Badala ya kuitafuta seva iliyo katika chumba chenu chenye joto, kompyuta huenda kwa Microsoft kupitia intaneti yoyote iliyo nayo, hujitambulisha, huuliza kama kuna amri mpya, huzichukua na kuzitekeleza, kisha hutoa ripoti ya kilichofaulu na kilichoshindikana. Malaba na Shimanzi zinakuwa sawa.

Hofu ya mkurugenzi nina jibu lake. Amri iliyokwisha kufika hukaa ndani ya kompyuta. Haitegemei intaneti iwepo ndipo ifanye kazi. Mwezi wa Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na intaneti ikadorora katika Afrika Mashariki, kompyuta zinazosimamiwa kwa njia hii hazikupoteza sera zake, wala mtu aliyezoea kuingia kwenye kompyuta yake hakuzuiwa kuingia. Kilichochelewa ni amri mpya na ripoti. Barua pepe na mifumo ya mtandaoni ingewalemea hata mngekuwa na seva kumi ofisini.

Kabla ya kutia saini chochote, fungueni ankara mnayolipa sasa. Kampuni nyingi za kiasi chenu hulipia Microsoft 365 kwa ajili ya barua pepe, na kifurushi cha Business Premium, chenye kikomo cha watumiaji 300, kimejumuisha Intune ndani yake, ilhali Business Standard hakina. Huenda mkahitaji kuongeza tofauti ya bei tu, au huenda tayari mnalipia kitu msichokitumia.

Jambo ambalo ningeliweka mbele ya yote ni kuhesabu. Siusemi ule mkupuo wa kunakili orodha ya mhasibu; nasema mtu apite meza kwa meza, aandike nambari ya kila kompyuta, ni nani anayeitumia, ina toleo gani la Windows, na kama ina chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mtagundua mambo mawili yatakayobadilisha bajeti yenu. La kwanza ni kwamba vipakatalishi vingi vinavyouzwa madukani kwa matumizi ya nyumbani huja na toleo la Home, ambalo haliwezi kujiunga na Entra ID, ile orodha ya watu na vifaa ambayo Intune huitegemea. Mtalazimika kupandisha kila kimoja hadi toleo la Pro. La pili ni kwamba Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 pamoja na prosesa ambazo, kwa zile za Intel, kwa kawaida huanzia kizazi cha 8. Kompyuta isiyofikia hapo haitaponywa na wingu lolote.

Kuhusu seva yenyewe, nisingenunua mpya kwa ajili ya kusimamia kompyuta. Hata hivyo nisingeizima ile ya zamani mpaka nijue kwa hakika ni programu zipi zinazoishi ndani yake. Programu ya uhasibu iliyosakinishwa miaka mingi iliyopita mara nyingi ndiyo inayowarudisha watu nyuma. Na kwa tawi la Malaba, washeni ile huduma ya Delivery Optimization, ambayo huwezesha kompyuta moja kupakua sasisho kubwa kutoka kwenye intaneti na nyingine zilizo kwenye mtandao huohuo kuchukua vipande kutoka kwake. Kompyuta sita zikipakua gigabaiti kadhaa kila moja kwa intaneti ya laini ya simu, bando litakwisha kabla ya adhuhuri.

Sera yangu haijafika

*Jumatatu niliweka sera ya kufunga skrini baada ya dakika 10. Leo ni Jumatano, na kati ya kompyuta 25 za ofisi, tisa bado hazijafuata. Mkuu wangu anasema mfumo ni mbovu. – Fundi, Changamwe*

Ndugu yangu, mwambie mkuu wako asubiri kidogo kabla ya kutoa hukumu. Kompyuta ya Windows iliyokwisha kusajiliwa huenda kuuliza amri mpya takriban kila saa nane. Iliyosajiliwa sasa hivi huuliza mara nyingi zaidi: kila dakika tatu kwa robo saa ya kwanza, halafu kila robo saa kwa muda wa saa mbili, kisha hurudi kwenye mwendo wa saa nane. Kipakatalishi kilichofungwa ndani ya mkoba hakiulizi chochote. Ikiwa mwenye kipakatalishi yuko likizoni Lamu tangu Ijumaa, sera itamsubiri. Tazama kwanza tarehe ambayo kila moja kati ya hizo tisa iliripoti mara ya mwisho, na kwa zile zilizo karibu nawe ingia kwenye mipangilio ya akaunti ya kazini ubonyeze kitufe cha kusawazisha.

Zikiwa zimeripoti na bado hazifuati, tafuta mgongano. Sera mbili za Intune zikiamuru mambo mawili tofauti juu ya mpangilio mmoja, Intune huandika kwamba kuna mgongano na huacha utatue mwenyewe. Na kama kompyuta hizo bado zimeunganishwa na seva ya zamani, kwa kawaida Group Policy ndiyo inayoshinda amri ya wingu pale zinapogusana. Nimeona mafundi wakihangaika wiki nzima na sera mpya, kumbe ile ya zamani waliyoirithi kutoka kwa mtu aliyeondoka ingali inatawala kimyakimya.

Lakini barua yako ina jambo jingine lililonigusa zaidi ya hizo kompyuta tisa. Unasema uliweka sera kwenye kompyuta 25 siku moja. Kufunga skrini ni jambo dogo, na kosa lake ni dogo. Niruhusu nikueleze la kwangu ambalo halikuwa dogo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisimamia kompyuta za kampuni moja ya mizigo, na uongozi ulitaka kuzuia wafanyakazi kuchomeka flashi. Badala ya kuzuia hifadhi za nje peke yake, nilichagua sera inayokataza kusakinishwa kwa kifaa chochote ambacho hakikutajwa kwenye orodha niliyoiruhusu. Niliipeleka kwa kompyuta zote alasiri ya Alhamisi nikaenda nyumbani nikiwa nimeridhika. Asubuhi ya Ijumaa, karani wa ghala alihamisha printa yake ya lebo kutoka tundu moja la USB hadi jingine kwa sababu waya ulikuwa mfupi. Kompyuta iliiona ile printa kama kifaa kipya, ikaikataa. Malori manne yalikuwa yamejipanga nje, madereva wameketi kivulini chini ya mwarobaini, na karani alikuwa akiandika lebo kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi alizozikata kwa mkasi, huku akinipigia simu kila baada ya dakika tano. Niliiondoa sera ndani ya dakika mbili. Kuifikia kompyuta ya karani na kuitoa kabisa kulichukua muda uliofika karibu na sala ya Ijumaa, kwa sababu amri ya kurekebisha kosa husafiri kwa mwendo uleule wa amri iliyoleta kosa.

Tangu siku hiyo sipeleki sera kwa kompyuta zote kwa mpigo. Huanza na kompyuta yangu, kisha kundi la watu watano au sita waliochaguliwa kutoka idara tofauti, wakiwemo wale wenye vifaa vya ajabuajabu kama skana na mizani, na hao hukaa na sera hiyo wiki nzima. Baada ya hapo ndipo wengine hufuata. Masasisho ya Windows vilevile: yale ya kila mwezi, ambayo Microsoft huyatoa Jumanne ya pili ya mwezi, unaweza kuyachelewesha kwa kundi kubwa hadi siku 30, huku kundi la majaribio likiyapokea mara moja. Usiyacheleweshe kupita inavyohitajika, kwa maana virusi vya WannaCry vya Mei 2017 viliwanasa watu kupitia dosari ambayo rekebisho lake lilikuwa limetolewa Machi ya mwaka huohuo. Wiki moja kwa kundi kubwa hunitosha mimi.

Tarehe 19 Julai 2024 ulimwengu wote uliona gharama ya kupeleka jambo kwa mashine zote kwa wakati mmoja, pale faili moja yenye kasoro kutoka kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilipoziangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Nyingi zilihitaji mtu aende akaziguse moja baada ya nyingine, na zile ambazo diski zake zilikuwa zimesimbwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayoifanya diski isisomeke bila ufunguo, zilidai ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48 kabla ya kumruhusu fundi kuingia. Waliokuwa na funguo hizo mahali panapofikika walimaliza mapema.

Kompyuta ya mtumba inadai barua pepe ya kampuni nisiyoijua

*Nina hoteli ndogo Bamburi. Nilinunua vipakatalishi vinane vilivyotumika kutoka Uingereza, kwa bei nzuri, vikiwa vinafanya kazi vizuri. Nilipovisafisha ili niviandae upya, vitatu vilifungua ukurasa wenye jina na nembo ya kampuni ya kigeni, vikinitaka niingie kwa barua pepe ya kampuni hiyo. Fundi amebadilisha diski lakini hali ni ileile. – Mwenye hoteli, Bamburi*

Pole sana, dada. Vipakatalishi hivyo vimesajiliwa kwenye Windows Autopilot, huduma ambayo Microsoft iliianzisha mwaka 2017 ili kampuni iweze kununua kompyuta, ikapelekwa moja kwa moja kwa mfanyakazi ikiwa bado ndani ya boksi, naye akaifungua, akaiunganisha na intaneti, nayo ikajitambua kuwa ni ya kampuni fulani na kujipanga yenyewe. Utambulisho huo hutokana na vitu vilivyo ndani ya mashine, pamoja na nambari yake ya kiwandani, na rekodi iko kwa Microsoft. Haiko kwenye diski, na ndiyo maana kubadilisha diski hakukusaidia. Fundi wako hana kosa.

Anayeweza kuiondoa rekodi ni kampuni iliyoisajili, au mshirika wa mauzo aliyeisajili kwa niaba yake. Microsoft nayo inaweza kusaidia ikipewa uthibitisho wa ununuzi. Mrudie aliyekuuzia. Mara nyingi kampuni ya zamani ilisahau tu kuvitoa kwenye orodha ilipovipeleka kwa wanunuzi wa mitumba, na barua pepe moja yenye nambari za mashine hutosha. Ikiwa muuzaji hataki kuandika barua hiyo, mdai fedha zako, kwa sababu upo pia uwezekano kwamba mashine ziliibwa, na huo ni mzigo usioutaka.

Utaonyeshwa mbinu za kuukwepa ukurasa huo, kama vile kuandaa mashine bila intaneti. Sizipendekezi kwa kompyuta ya biashara. Siku itakaporejeshwa tena katika hali ya kiwandani ikiwa na intaneti, ukurasa utarudi, na mmiliki aliyeandikwa kwenye rekodi ataweza kuidai.

Kwa wote wanaonunua mitumba: kabla ya kulipa, dai mashine irejeshwe katika hali ya kiwandani mbele yako, iunganishwe na intaneti ya simu yako, na utazame ukurasa wa kwanza unaotokea. Ni subira ya nusu saa au zaidi dukani. Na nanyi mnaouza kompyuta zenu za zamani, zitoeni kwenye Autopilot kwanza, ili mnunuzi wa Kongowea asije akakutana na nembo yenu.

Kipakatalishi kimepotea Likoni

*Mhasibu wetu alisahau mkoba ndani ya matatu baada ya kuvuka feri, na ndani yake mlikuwa na kipakatalishi chenye mishahara na nambari za vitambulisho vya wafanyakazi 60. Nilituma amri ya kukifuta siku hiyohiyo. Leo ni siku ya tatu na amri inaonyesha kwamba inasubiri. Je, nikiondoe tu kwenye orodha? – Msimamizi, Likoni*

Tafadhali usikiondoe. Amri ya kufuta hukaa kwenye wingu ikingoja kompyuta iwashwe na ipate intaneti; ikiwa aliyeiokota hajaiunganisha, haina jinsi ya kuisikia. Ukifuta rekodi ya kifaa kwenye Entra ID, unapoteza pamoja nayo ufunguo wa BitLocker uliohifadhiwa hapo, na huwezi kuurejesha. Isitoshe, rekodi hiyo ndiyo shahidi wako, kwa maana inaonyesha kama diski ilikuwa imesimbwa mara ya mwisho kompyuta iliporipoti. Nenda ukaitazame sasa na uhifadhi picha ya ukurasa huo.

Ikiwa ilikuwa imesimbwa, anayechomoa diski na kuiweka kwenye kompyuta nyingine hataambulia kitu. Kilichobaki ni nenosiri la mhasibu, kwa kuwa BitLocker ikiwashwa bila PIN ya kuanzia huiacha kompyuta ijiwashe hadi kwenye ukurasa wa kuingilia. Badilisha nenosiri hilo, na ukate vikao vyote alivyoviacha wazi kwenye barua pepe na hifadhi ya faili. Kama alikuwa na kikaratasi chenye nenosiri ndani ya mkoba uleule, nataka ujue leo, usijue mwezi ujao. Muulize kwa upole, kwa sababu mtu anayeogopa kufukuzwa huficha jambo hilohilo unalolihitaji.

Ripoti kituo cha polisi upate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Kisha mkalishe mkurugenzi wako chini. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu kampuni ifahamu, pale ambapo taarifa binafsi zimefikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari halisi ya madhara kwa wahusika. Sheria hiyohiyo inatambua usimbaji miongoni mwa kinga zinazoweza kuiondolea kampuni wajibu wa kumwarifu kila mhusika. Siku tatu ndizo saa 72, kwa hiyo mtafuteni wakili leo hii. Na ikiwa utagundua kwamba diski haikusimbwa, usimfiche mkurugenzi hata neno moja; wafanyakazi 60 wana haki ya kujua kwamba nambari zao za vitambulisho ziko mikononi mwa mtu wasiyemjua.

Ukiona chaguo la kuendelea kufuta hata umeme ukikatika, lifahamu kabla ya kulitumia: lina nguvu zaidi dhidi ya mwizi, lakini linaweza kuiacha kompyuta ikiwa haiwezi kuwaka tena. Kwa kipakatalishi kilichopotea ningelitumia. Kwa kompyuta ya mfanyakazi anayestaafu, la hasha.

Je, mwajiri anaziona picha zangu?

*Mimi ni mpokezi wa wageni. Nimeambiwa nisajili simu yangu ya Android kwa kampuni ili nipate barua pepe ya kazini. Naogopa. – Mpokezi, Nyali*

Hofu yako ni ya haki na unastahili jibu la wazi. Simu yako ikisajiliwa kama simu binafsi, Android hutenga wasifu wa kazi, na programu zilizo ndani yake huonekana zikiwa na alama ndogo ya mkoba. Msimamizi wa Intune haoni picha zako, ujumbe wako, orodha ya simu ulizopiga, wala kurasa ulizotembelea. Huona aina ya simu, toleo lake la Android, na programu zilizo ndani ya ule wasifu wa kazi. Ukiondoka kazini, huondoa wasifu huo peke yake.

Kuna dalili moja ya kuiangalia. Wakikuambia kwamba ni lazima simu irejeshwe kwanza katika hali ya kiwandani, basi wanataka kuisajili kama mali ya kampuni, na hapo una kila sababu ya kukataa na kuwaomba wakupe simu ya kazini. Kipakatalishi cha kampuni nacho ni habari nyingine: programu zote zilizosakinishwa humo zinaweza kuonekana, nacho kinaweza kufutwa chote kwa amri ya mbali, kwa hiyo usiweke picha za harusi ya nduguyo. Mwombe mwajiri maelezo ya maandishi kuhusu kinachoonekana na kisichoonekana. Sheria niliyoitaja hapo juu inakupa haki ya kuarifiwa jinsi taarifa zako zitakavyotumika.

Fundi ameondoka na nenosiri

*Kijana aliyetuwekea Intune amepata kazi Dubai. Akaunti ya msimamizi mkuu ni yake peke yake, na uthibitisho wa kuingia huja kwenye simu yake. Tunaelewana vizuri na hupokea simu zetu. Je, kuna tatizo? – Meneja, Moi Avenue*

Lipo, Bwana Meneja, na ni kubwa kuliko yote yaliyo katika ukurasa huu. Kijana huyo ni mwema, nami sina shaka naye. Lakini simu yake ikiibwa kesho huko aliko, au laini yake ikifungwa, kampuni yenu itakuwa na kompyuta ambazo hakuna mtu nchini Kenya anayeweza kuzipa amri, wala kuupata ufunguo wa BitLocker wa hata mojawapo. Kurudishiwa mamlaka na Microsoft kunawezekana, lakini kuna maswali mengi ya kuthibitisha umiliki, na siku mtakayolihitaji hamtakuwa na muda.

Mpigie leo, maadamu anapokea. Mwombe afungue akaunti mbili za dharura zisizo na jina la mtu yeyote, zenye uwezo wa msimamizi mkuu, zisizotumika kwa kazi za kila siku. Microsoft yenyewe inashauri ziwe mbili au zaidi. Kwa kuwa sasa hata akaunti hizo hudaiwa uthibitisho wa hatua ya pili, nunueni funguo mbili za usalama za USB, kila moja kwa akaunti yake. Moja ikae kwenye sefu ya ofisi na nyingine mahali pengine kabisa, kwa mfano benki au kwa wakili wenu, ili moto mmoja usizichukue zote. Muelekeze pia azitoe akaunti hizo kwenye masharti yanayozuia kuingia kutoka kwa kifaa kisichosajiliwa, la sivyo zitafungwa pamoja na nyingine siku sharti hilo litakapowekwa vibaya.

Mkishamaliza, wewe mwenyewe, si fundi mpya, chukua ufunguo mmoja uingie, hakikisha unaiona orodha ya kompyuta zenu, kisha utoke. Ndipo akaunti ya kijana ipunguzwe uwezo na hatimaye ifungwe, kwa shukrani na kwa barua. Rudia jaribio hilo kila baada ya miezi mitatu, na uandike tarehe kwenye bahasha iliyobeba ufunguo.